Nyaatha wa Gikondi, na Mama Yetu
Maneno yaliyosemwa na karani wa chama mbele ya mkutano mkuu wa mwaka, Chaka



Halmashauri ilitutaka tuseme machache juu ya mama yetu mzazi, ambaye wengi wenu mlimjua na mlitusaidia kumzika. Tulikubali kwa shukrani, lakini pia kwa hofu kidogo, maana mtoto akisimama kumsifu mama yake wasikilizaji huona haya kumkatiza, naye husema bila kiasi. Kwa hiyo twaomba ruhusa yenu tupite njia nyingine. Tutanena kwanza habari za mwanamke ambaye hakutuzaa, wala hakuwa wa kabila letu, lakini ambaye mama yetu alimwita mama tangu utoto wake mpaka siku ya kufa. Tukisha kumjua huyo, ya kwetu yatakuwa mafupi.

Mwanamke huyo ni Sista Irene Stefani, aliyeitwa na watu wa Gikondi jina la Nyaatha. Wazee hapa hawahitaji kufasiriwa, lakini taarifa hii husomwa pia na vijana waliokulia mijini: katika Kikikuyu neno "tha" ni huruma, na Nyaatha ni mama mwenye huruma. Jina hilo hakulipata Ulaya, wala hakupewa na wakubwa wa misheni. Lilitoka vinywani mwa wanawake wa Mukurwe-ini, waliomwona akiingia katika nyumba zao zenye moshi na kuinama kando ya vitanda vya wagonjwa wao.

Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, kwenye milima ya jimbo la Brescia, kaskazini ya Italia, katika nyumba iliyozaa watoto 12. Nyumbani kwao aliitwa Mercede. Mwaka 1911 aliingia katika shirika la Masista Wamisionari wa Consolata mjini Torino, shirika changa mno, kwa kuwa lilianzishwa mwezi wa Januari 1910 na Padre Giuseppe Allamano, yule ambaye Papa Fransisko alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024. Mapadre wa Consolata walikuwa wamekwisha kutangulia huku kwetu. Walifika Tuthu, katika nchi ya Murang'a, mwaka 1902, wakapokewa na Chifu Karuri wa Gakure, na kutoka huko wakaja Nyeri. Sista Irene aliondoka kwao mwisho wa mwaka 1914, akashuka Mombasa Januari 1915. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Alikuja kwa ajili ya Nyeri, lakini miaka yake mingi ya kwanza hakuipata Nyeri. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeanza mwaka 1914, na katika nchi zetu Waingereza walipigana na Wajerumani wa Tanganyika. Barabara za magari zilikuwa chache, na ng'ombe na punda walikufa kwa mbung'o. Basi mzigo wote wa vita, yaani risasi, unga, mahema na majeruhi, ukawekwa juu ya vichwa vya watu. Hao ndio watu wa Kariokor. Jina hilo lingali lipo katika soko la Nairobi, na wenzetu wa Dar es Salaam wanalo katika Kariakoo yao, ingawa wengi wanunuao nguo na mboga huko hawajui kwamba wanalitamka jina la jeshi la wapagazi.

Watu wetu walichukuliwa kwa maelfu. Ndugu mkubwa wa baba wa mama yetu alikuwa mmoja wao. Aliondoka na blanketi moja, na nyumbani hawakupata habari yake tena, wala barua, wala fidia, wala kaburi. Hesabu ya serikali ilitaja wapagazi waliokufa zaidi ya 40,000, nao wanahistoria wengi waona kwamba idadi ya kweli ilikaribia 100,000 au kuipita. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, na chakula kisichofaa: unga mgumu usiopikwa ukaiva, waliopewa watu waliozoea viazi vitamu, ndizi na kunde. Mtu wa Nyeri aliyezoea baridi ya mlima huu tunaouona hapa aliteremshwa katika joto la pwani ya kusini, akalala juu ya mchanga uliolowa, akafa kwa tumbo.

Sista Irene alipelekwa kuwauguza hao. Alitumika katika hospitali za wapagazi huko Voi, kisha Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam. Tusilisikie neno "hospitali" tukadhani ni majengo ya leo yenye vitanda vyeupe. Zilikuwa mabanda ya makuti, wagonjwa wakilala chini kwa safu ndefu, wengi kuliko mikono ya kuwahudumia, na kila asubuhi kulikuwa na waliokufa usiku. Kazi yake ilikuwa kuosha vidonda, kubadili matambara, kulisha wasioweza kushika kijiko, na kusafisha uchafu ambao askari wenye zamu walikataa kuugusa. Alijifunza maneno ya lugha za wagonjwa wake ili awaulize wanaumwa wapi.

Husimuliwa hivi juu ya Kilwa: alirudi siku moja kumtazama mgonjwa aliyekuwa akimfundisha dini, akaambiwa kwamba mtu huyo amekufa na amekwisha kupelekwa pwani pamoja na maiti wengine. Hakuridhika. Akashuka mwenyewe mpaka pwani, akapekua miongoni mwa maiti, akamkuta angali anavuta pumzi. Akarudishwa, akabatizwa, akafa akiwa ameshikwa mkono na mtu. Mama yetu aliipenda sana hadithi hii, nasi tulipokuwa wadogo ilitutisha. Tulipokua tukamwuliza: Faida yake nini, ikiwa mtu yule alikufa vile vile? Akatujibu kwamba hatukusikiliza vizuri, maana hadithi haikusema kwamba alimponya. Ilisema kwamba alimrudia.

Twajua kwamba wapo miongoni mwetu wasio Wakatoliki, na wengine wana neno juu ya ubatizo wa watu waliokuwa wakikata roho. Chama hiki kina watoto wa Tumutumu ya Waskoti, na wa Anglikana, na wa makanisa yetu ya kujitegemea, na wasiokwenda popote. Hatukusimama hapa kugeuza mtu. Lakini kila mwenye ndugu aliyepotea katika Kariokor anaweza kujiuliza angependa nani awe karibu naye saa ile, na twadhani si vigumu kujibu.

Vita vilipokwisha, mwaka 1920 alipelekwa Gikondi, akakaa huko miaka kumi, mpaka kifo. Hapa ndipo anapoingia katika habari za ukoo wetu. Nyanya wa mama yetu alikuwa mke kijana katika upande ule, akamwona kwa macho yake. Jambo alilolikumbuka kuliko yote ni viatu. Sista alivaa buti kubwa nzito, akatembea kwa haraka, akipanda na kushuka miteremko ya Mukurwe-ini katika tope la masika, tasbihi mkononi, na watoto walisikia kishindo chake kabla hawajamwona. Wale mliotembea huko mwajua jinsi ardhi ile ilivyokunjamana: kilima kimoja hutazamana na kingine kana kwamba unaweza kumrushia jirani jiwe, lakini kumfikia ni mwendo wa saa nzima, maana sharti ushuke mpaka mtoni na kupanda tena. Aliwafundisha watoto shuleni, na masomo yakiisha akashika njia kwenda kuwatazama wagonjwa na wanawake waliojifungua. Nyanya alisema kwamba hapo mwanzo waliona ajabu, kisha wakaona usumbufu, kisha, asipopita siku mbili, wakaulizana kama ni mgonjwa.

Tena alikuwa mwandishi wa barua. Sisi tulio makarani twafurahi kulitaja hili. Vijana wa Gikondi walianza kwenda Nairobi na Mombasa kutafuta kazi ili walipe kodi, na wazazi wao hawakujua kusoma. Sista aliketi na mzazi, akasikia maneno yake, akayaandika, akayapeleka. Jibu likija, akatembea kwenda kumsomea mwenyewe nyumbani kwake. Fikirini ni ugomvi mangapi, na mahari mangapi, na aibu ngapi zilipita katika masikio ya mwanamke yule, asizitoe nje. Katika kazi yetu ya ukarani tumeona jinsi siri inavyoelemea, na pengine hilo lilikuwa zito kuliko buti zake.

Sasa tufike kwenye ugonjwa wake. Mwezi wa Septemba 1930 alihudhuria mafungo ya kiroho huko Nyeri, na inaelezwa kwamba aliomba ruhusa kuyatoa maisha yake kwa ajili ya watu wa misheni. Mwezi uliofuata tauni iliingia Gikondi. Tauni ni ugonjwa uenezwao na viroboto wa panya, na ukishika mapafu mgonjwa humwambukiza amwuguzaye kwa pumzi yake. Wakati ule haikuwapo dawa ya kuuponya. Ile ya kwanza yenye nguvu juu yake, iitwayo streptomisini, haikugunduliwa mpaka mwaka 1943. Kwa hiyo aliyeingia katika nyumba ya mwenye tauni alijua vema anaingia wapi.

Mwalimu mmoja wa hapo alishikwa. Husimuliwa kwamba mwalimu huyo alikuwa amemtendea Sista vibaya hapo nyuma kwa ajili ya kazi ya shule. Watu walimkimbia, yeye akaenda. Akamwuguza, akamwinua, akamshika mpaka akafa. Baada ya siku chache naye akashikwa na homa. Akafa tarehe 31 Oktoba 1930, umri wake miaka 39. Alizikwa Mathari, Nyeri, na siku hizi mabaki yake yamehifadhiwa katika kanisa kuu la Consolata mjini Nyeri, mahali ambapo kila mtu aweza kuingia na kukaa kimya.

Tumelifikiri sana jambo la mwalimu yule. Kumwuguza ndugu ni desturi, na kumwuguza mgeni ni wema. Kumwuguza aliyekukosea, katika ugonjwa utakaokuua, ni jambo ambalo hatuna jina lake. Wanawake wa Gikondi walikuwa nalo, wakalitia katika neno moja la kumwitia.

Yaliyofuata mwayakumbuka wengi. Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa Mwenye Heri katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, nje kidogo ya mji wa Nyeri, na Kardinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam ndiye aliyemwakilisha Papa. Ilikuwa mara ya kwanza ibada ya namna hiyo kufanyika katika nchi ya Kenya. Watu walijaa mpaka mabasi yakaachwa mbali, wakatembea. Sisi tulikwenda na mama yetu, naye akiwa bado na nguvu za kutuacha nyuma. Siku hiyo duara la mwanga lilionekana limelizunguka jua, na uwanja mzima ukainua macho. Wenye elimu ya hewa hueleza kwamba duara la namna hiyo hufanywa na chembe za barafu katika mawingu ya juu sana. Tulimwambia mama hivyo, kwa kiburi cha shule. Akasema kwamba hakuwahi kudhani Mungu hana barafu.

Muujiza uliokubaliwa na Kanisa kwa ajili yake haukutendeka Nyeri. Ulitendeka Nipepe, katika jimbo la Niassa, Msumbiji, Januari 1989, wakati wa vita vya ndani vya nchi ile. Watu wapatao 270 walifungiwa katika kanisa kwa siku kadhaa, risasi zikivuma nje, bila maji ila yale machache yaliyokuwa katika chombo cha ubatizo, nacho ni gogo la mti lililochongwa. Walimwomba Sista Irene. Wakanywa, wakawaosha watoto, na maji hayakuwaishia. Habari hii tuliisikia mara nyingi, lakini hatukujua ingekuja kuwa na maana gani nyumbani kwetu.

Basi tumefika kwa mama yetu. Alizaliwa Mukurwe-ini mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, na jambo la kwanza aliloweza kukumbuka lilikuwa handaki lenye miti iliyochongoka kuzunguka kijiji walichohamishiwa kwa nguvu. Alipoolewa walikuja huku Kieni, kama walivyokuja wengi wenu, kutafuta nafasi ya kulima baada ya Uhuru, wakakuta baridi, upepo, na mvua isiyoaminika. Alilima viazi na kabichi, akauza kando ya barabara ya Nanyuki, akatusomesha. Hayo si ya ajabu. Kila mama aliyeketi hapa ana habari kama hiyo, na pengine kubwa zaidi.

Mwaka 2021 figo zake zilishindwa. Presha ilikuwa imezila polepole kwa miaka mingi, bila kuumwa, na sisi wanawe, tuliosoma, hatukuwahi kumpeleka kupimwa. Tangu hapo, mara mbili kila juma, aliamka kabla ya alfajiri, akashuka barabarani, akapanda matatu kupitia Kiganjo mpaka Nyeri, akaketi saa nne akisafishwa damu kwa mashine, kisha akarudi akitetemeka kwa baridi na uchovu. Bima ya hospitali ya taifa ya wakati ule ililipa hizo mara mbili, twashukuru. Nauli, dawa za sindano na chakula vilitoka mifukoni mwetu.

Wasiomwona mgonjwa wa namna hii hawajui kwamba shida yake kubwa ni maji. Figo zisipofanya kazi, maji anywayo mtu hubaki mwilini, humvimbisha miguu, hupanda mapafuni na kumziba pumzi. Kwa hiyo hupimiwa. Mama yetu alikuwa na kikombe kimoja cha bati, nacho kilikuwa kipimo chake. Hesabu ya vikombe vya siku ilikuwa ndogo, na chai na mchuzi vilihesabiwa humo. Tena alikatazwa vyakula vyetu karibu vyote, kwa sababu ya madini ya potasiamu: ndizi, parachichi, maharagwe ya githeri, na hata viazi alivyovilima kwa mikono yake, ila vikatwe vidogo, vichemshwe, maji yamwagwe, vichemshwe tena. Mwanamke aliyelisha watu viazi kwa miaka 40 akaketi jikoni kwake akitazama wengine wakila.

Ndipo akaikumbuka Nipepe. Alisema kwamba watu wale waliomba maji yasiishe, naye anaomba kiu iishe, na kwamba Nyaatha atajua kutofautisha. Kikombe alikimeza kidogo kidogo, kwa vitone, na katikati ya vitone alisema sala. Hatutaki kuwadanganya kwamba alikuwa mtulivu siku zote. Zilikuwapo siku alizolia. Ilikuwapo siku moja, mwezi wa Januari, jua kali la Kieni likiwaka, alipotuomba kikombe cha pili kama mtoto aombavyo, nasi tukamnyima, akakaa siku nzima bila kusema nasi. Usiku akatuita, akatuomba radhi. Sisi ndio tuliopaswa kuomba radhi, lakini alitutangulia.

Kule kwenye mashine alijua majina ya wagonjwa wote wa zamu yake, na watoto wao, na nauli zao. Kiti kikikosa mtu aliuliza, na mara nyingi jibu lilikuwa moja. Aliweka majina ya waliokufa katika karatasi ndani ya kitabu chake cha sala. Tulipoifungua baada ya maziko tulihesabu majina 14.

Katika mwaka wa pili aliomba apelekwe Gikondi. Tulimpeleka siku isiyo ya mashine. Hakuweza kupanda, tuliketi naye kwenye majani chini ya kanisa, akatuonyesha kwa fimbo njia ambayo nyanya yake alimwambia Sista hupita. Hatukuona kitu ila mashamba ya kahawa na chai, na mvulana na ng'ombe. Yeye alitazama muda mrefu. Alifariki mwaka 2024, nyumbani, asubuhi, akiwa na kikombe kile mezani kikiwa na maji ambayo hakuyamaliza.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, kuna jambo ambalo sisi kama karani hatuna budi kulisema, na halitapendeza. Katika miaka yote mitatu ya ugonjwa wake, wanachama waliokuja kumtazama walikuwa wanne. Siku ya maziko mahema hayakutosha. Tulipokea mchango wote wa kanuni, jeneza, gari na chakula cha waombolezaji, na kila senti imeandikwa katika hesabu mtakazoziona katika taarifa hii. Hatusemi hayo kwa kulaumu. Mwenye kulaumiwa wa kwanza ni aliyeshika kalamu. Daftari la chama, kama lilivyopangwa na wazee walioanzisha, lina kurasa mbili kwa kila mwaka: moja ya Maziko, moja ya Wagonjwa. Tulipokabidhiwa ukarani tuliukuta ukurasa wa Wagonjwa umepigwa mstari kwa miaka mingi, nasi tukaendelea kupiga mstari, kila mwaka, kwa rula, kwa sababu hapakuwa na la kuandika. Hata mwaka ambao mama yetu mwenyewe aliketi kwenye mashine tulipiga mstari ule, tukautia na sahihi.

Mmoja wa wale wanne hatutamtaja kwa kuwa amekataa. Ni mzee aliyelelewa Tumutumu, asiyejua tasbihi wala hataki kuijua. Yeye alikuja kila Jumanne jioni na gazeti, akamsomea mama yetu habari za bei ya viazi na za siasa, akabishana naye juu ya Papa, akaenda zake. Mama alisema kwamba ubishi ule ulimsahaulisha kiu kuliko dawa. Twaamini Nyaatha angemtambua mzee yule kuwa mtu wa kazi moja naye, ingawa wasingeafikiana juu ya jambo lingine lolote.

Kwa idhini ya halmashauri, mwaka huu hatukupiga mstari. Ukurasa wa Wagonjwa una majina saba ya wanachama na wake au waume zao, kutoka Chaka mjini mpaka upande wa Naro Moru. Wawili wako kwenye mashine ya figo, mmoja ana saratani, mmoja alianguka akavunjika nyonga, wengine ni wazee tu waliochoka. Haombwi mtu fedha. Zamu zimepangwa kwa nyumba jirani, mtu mmoja kwa juma moja, na aendaye asipeleke ndizi wala maharagwe kabla hajauliza mgonjwa anaruhusiwa kula nini. Asiyeweza kukaa na kuzungumza anaweza kusoma gazeti, au kuandika barua, au kukaa kimya.

Jina la tano katika ukurasa ule ni la mzee wa Jumanne. Tangu mwezi wa pili haendi mbali na kitanda. Ametuagiza tuwaambie kwamba siku za Alhamisi yeye huenda kliniki, kwa hiyo asifuatwe siku hiyo. Siku nyingine yupo, na miwani yake imevunjika.

Daftari liko juu ya meza ya mweka hazina, na kalamu iko pamoja nalo.